Kifua cha Mwasisi

Eliwaza alipopita mlangoni na taa ikawaka nyekundu, foleni nzima nyuma yake iliziba pua. Waliziba kwa kanga, kwa viwiko, kwa vidole ambavyo muda huohuo vilikuwa vinachokonoa meno. Nilichefuka. Hakunichefua Eliwaza. Nilichefushwa na ule wepesi wao, kama watu waliokuwa wakiisubiri nafasi hiyo tangu siku alipoletwa kuolewa.

"Kivuli," alisema Msomaji, mashine ya mlangoni, kwa ile sauti yake laini kama ya mwenye nyumba anayekaribisha wageni mezani. "Pafu la kulia, sehemu ya juu. Inadhaniwa ni kifua kikuu. Mhusika asiendelee mbele."

Eliwaza alisimama, mtoto mgongoni. Hakulia. Alinitazama mimi nyuma ya kioo changu, kwa kuwa picha za vifua katika mji wetu wa Tumboni ziko chini yangu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kumtazama.

Tumboni, huku chini ya ardhi, tunavuta hewa moja. Mashine huinyonya kutoka Juu, huipoza, huisukuma ngazi kwa ngazi ndani ya mwamba, nayo hupita katika mapafu ya kila mtu kabla ya kurudi kuchujwa. Ukikaanga samaki ngazi ya tatu, ngazi ya sita wanalia ugali kwa harufu yake. Ndiyo maana kila mlango wa kutoka ngazi moja kwenda nyingine unapiga picha ya kifua, na Msomaji anaisoma kabla hujainua mguu wa pili. Ukiwa na kivuli, unapanda. Kupanda maana yake ni kutolewa kwenye mfuniko Jumamosi, na dumu la maji, ukaishi Juu, kule ambako jua la saa sita hukausha nguo pamoja na aliyeivaa. Mwalimu Hango alipanda msimu uliopita. Alikuwa amewafundisha kusoma watoto wote wa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikwenda kumuaga akiwa amesimama mbali, na barakoa mbili usoni.

Mwenyekiti Msengi mwenyewe alifika akihema. Aliangalia taa, akamwangalia Eliwaza kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga.

"Mtoto je?"

"Mtoto ni salama," alisema Msomaji.

"Basi mtoto atabaki kwa babu yake. Huyu Jumamosi anapanda."

"Mwenyekiti," nilisema, nikatoka nyuma ya kioo, "kivuli si ugonjwa. Kinaweza kuwa TB. Kinaweza kuwa kovu la nimonia ya utotoni, au TB ya zamani iliyokwisha kupona. Picha inaonyesha kwamba kuna kitu, haionyeshi kama kitu hicho ni kizima au kimekufa. Hilo tutaambiwa na makohozi."

"Dada Nyamizi, usinitajie makohozi, ndiyo kwanza nimekunywa uji."

"Nipe nimpime."

"Mpime, kama unaona raha. Kanuni inasema kivuli. Haikusema kivuli cha aina gani."

Walimwondoa Eliwaza kwa kumsukuma na fimbo ndefu, ile tunayotumia kufungulia madirisha ya hewa, ili mkono wa mtu usimguse. Mtoto walimchukua, na huyo walimshika kwa mikono. Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa baba mkwe wake, Mzee Ntandu, wa mwisho aliye hai kati ya wachimbaji waliotoboa mji huu. Alikuwa amekonda kiasi cha koti kumning'inia. Katikati ya mlango alikohoa, kikohozi kizito cha chini kabisa, akakizima kwa leso. Taa ikawaka kijani.

"Kifua cha mwasisi," alisema Msomaji. "Salama. Karibu sana, mzee wetu."

"Shikamoo mzee," waliamkia wale wale waliokuwa wameziba pua. Walizizibua ili wamsalimie vizuri.

Nilirudi nyuma ya kioo nikaiita picha yake kwenye skrini. Sikuwa na sababu ya kuiita, taa ilikuwa kijani, na sisi tumezoeshwa kutotazama kile ambacho Msomaji amekipitisha. Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa vidoti vidogo, vumbi la mawe la miaka ya uchimbaji. Hilo nililitarajia. Lakini juu ya pafu la kushoto, katikati ya vidoti hivyo, palikuwa na tundu. Duara jeusi lenye ukuta mnene, na ukungu ukilizunguka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Msomaji hakuwa ameharibika. Alikuwa anafanya kama alivyofundishwa. Mashine ya namna hii haizaliwi na akili. Unaionyesha picha elfu, ukiiambia huyu mzima, huyu mgonjwa, hadi ianze kutofautisha yenyewe. Walioifundisha hii, miaka hiyo, walifika kwenye picha za wachimbaji wakaona haya. Nani angewapandisha watu waliochimba mji kwa mikono? Basi kila kifua cha mchimbaji, chenye vidoti, chenye makovu, chenye matundu, wakakiandika kuwa ni salama. Walifanya hivyo kwa heshima. Heshima hiyo imekuwa ikikohoa kwenye mabomba yetu ya hewa tangu hapo, nasi tunawatafuta wagonjwa miongoni mwa wageni.

*

Eliwaza alivuta mvuke wa chumvi kwenye chumba changu kidogo cha maabara hadi machozi yakamtoka, kisha akakohoa. Nilimfundisha kama ninavyowafundisha wote: vuta pumzi hadi tumboni, izuie, ivute tena, halafu kohoa kutoka chini, si kooni. Sitaki mate. Nataka kitu kizito. Watu wa Tumboni hawaelewi jambo hili hata uwaimbie. Mtu akijua anakuja kupimwa husukutua kinywa, hupiga mswaki, kisha hukuletea kijiko cha mate safi yanayong'aa, na kukukabidhi kwa mikono miwili. Anakuheshimu. Anaona aibu kumpa mtu uchafu.

Eliwaza hakuwa na aibu hiyo. Aliyeburutwa kwa fimbo ya dirisha, aibu ataitolea wapi.

"Niliwahi kuugua, dada," alisema huku akijifuta. "Nikiwa darasa la tatu, huko Juu, wakati jua lilikuwa bado linavumilika. Nilikunywa vidonge vile vyekundu mpaka mkojo ukawa rangi ya chungwa. Nikapona. Daktari alisema kovu litabaki."

"Uliwaambia walipokuwa wanakuoa?"

"Niliwaambia. Baba mkwe alisema kovu si kitu, hata yeye anayo makovu mwilini."

Nilitia makohozi yake kwenye mashine ya vinasaba. Hiyo haisomi vivuli. Hutafuta kipande cha kimelea chenyewe, na humaliza kazi katika muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa. Haikuona kitu. Kesho yake nilichukua mengine, kwa sababu kikombe kimoja kinaweza kukudanganya. Haikuona kitu tena. Nilipeleka majibu kwa Mwenyekiti, akayasoma akiwa ameyashika kwa ncha za vidole, kama karatasi nayo ina makohozi.

"Lakini taa ilikuwa nyekundu," alisema.

"Na ya Mzee Ntandu ilikuwa kijani. Nenda ukatazame picha yake kwa macho yako."

Aliiweka karatasi mezani. Nikagundua kwamba hakuwa anashangaa.

"Dada Nyamizi," alisema kwa upole, "kesho mzee anamtoa mjukuu wake nje. Mji mzima utakuwepo ukumbini. Kama una neno juu yake, mpime. Akikutwa hana, unyamaze."

Mzee Ntandu alikuja jioni hiyo, koti amelifunga vifungo vyote. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akauliza habari za mama yangu na magoti yake. Nilimpa kikombe nikamweleza. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi.

"Binti yangu, wewe ni rika la wakwe zangu. Nikohoe nitoe uchafu mbele yako?"

"Nitatoka nje, mzee. Nitafunga mlango."

Nilitoka. Nilimsikia akisukutua maji. Nilimsikia akikohoa kidogo, kikohozi cha juu juu cha mtu anayebisha hodi. Niliporudi, kikombe kilikuwa na mate meupe yenye mapovu, safi kabisa.

"Nimekupa kilicho chema," alisema. "Mate haya ndiyo niliyombariki nayo baba wa mtoto huyu, Mungu amrehemu. Kesho nitambariki nayo mwanawe."

Mashine haikuona kitu, na ingeona nini?

*

Tumboni nje haipo, lakini bado tunamtoa mtoto nje, tunamaanisha ukumbini. Mwasisi hupiga funda la maji ya asali, humwinamia mtoto uso kwa uso, humpulizia maji yale yaliyochanganyika na mate yake, kisha humwita jina. Sijali mate. Watu wengi wanadhani TB hukaa kwenye mate, kwenye vikombe na vijiko, na ndiyo maana wanaosha vyombo kwa fujo huku wakikoholeana usoni. Haikai huko. Hupanda hewani na kikohozi, na mzee yule asingeweza kuinama bila kukohoa. Angemkoholea mtoto wa wiki chache puani. Siku ya pili yake mama wa mtoto angepandishwa mfunikoni, na mtoto angelala kila usiku kando ya kitanda cha babu yake.

Eliwaza alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya vichujio. Nilipompelekea chakula alikuwa amekwisha kulifikiria.

"Kopo lake la kutemea liko chini ya kitanda," aliniambia kupitia wavu. "Mimi ndiye niliyekuwa namwaga kila asubuhi. Wifi yangu atakuletea nikimwomba. Vile vitu vya asubuhi, dada, si mate. Ni vizito kama uji wa ulezi. Juzi juzi vilikuwa na damu."

Nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Njia ilikuwa hiyo, fupi na ya uhakika. Nichukue kopo, nipime, nisimame ukumbini na majibu mkononi.

"Siwezi," nilisema.

"Huwezi?"

"Hajaniruhusu. Ni mwili wake, Eliwaza. Nikipima kopo lake leo bila yeye kujua, kesho Mwenyekiti ataniletea kopo la yeyote anayetaka kumpandisha, na sitakuwa na neno la kumjibu. Nitakuwa kama ule mlango. Haumuombi mtu ruhusa."

Alicheka, kicheko kikavu. "Mimi uliniomba?"

"Nilikuomba."

"Baada ya mlango kunianika mbele ya mji mzima. Ukaniomba, nikakubali, na Jumamosi napanda. Yeye hajakubali, na mwanangu anabaki kwake. Sasa huo uungwana wako unamsaidia nani?"

Niliinuka kutoka sakafuni. Nilijichukia kwa sauti yangu ya upole. Niliondoka, kopo likiwa bado chini ya kitanda cha mwenyewe, nikaenda kwa mwenyewe, na picha mbili chini ya kwapa.

Alinifungulia akiwa na fulana. Bila koti, mbavu zake zilihesabika. Chumba kilikuwa na ile harufu ya jasho la usiku lisilokauka. Niliegemeza picha kwenye taa, yake na ya mkwewe.

"Hili la mkweo ni kovu," nilimwambia. "Kingo zake ni ngumu, halina ukungu, na makohozi yake mara mbili hayana kitu. Hii ni yako. Vidoti hivi ni vumbi la mawe."

"Vumbi nalijua."

"Hili tundu je?"

Alisogea. Alilitazama kwa muda mrefu, kwa lile jicho la mchimbaji aliyezoea kukagua nyufa.

"Mwamba umeliwa hapa," alisema.

"Pafu limeliwa. Vumbi hulidhoofisha, na kimelea kikapata njia. Picha peke yake hainipi uhakika, mzee. Ndiyo maana nahitaji kile cha chini, si mate."

"Mashine ilisema salama."

"Mashine ilifundishwa na watu waliokuheshimu. Ilionyeshwa vifua vya wenzako wote, ikaambiwa hawa ni wazima."

Alikaa kitandani polepole. Mkono wake ulikwenda kwenye leso, ukarudi.

"Mwenzangu Kitundu alikufa akikohoa," alisema. "Mpinga alikufa akikohoa, na mkewe baada yake. Tulisema ni vumbi. Mkewe hakuwahi kushika sururu." Kisha uso wake ukafungwa. "Umekuja kwangu na picha za ndani ya mwili wangu, unazitandaza kama samaki mezani. Toka, binti."

Nilitoka.

*

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Eliwaza aliletwa atazame kwa mbali, nyuma ya kamba, na barakoa usoni, kwa huruma ya Mwenyekiti, ambaye aliitaja huruma hiyo mara mbili katika hotuba. Waliosimama karibu na kamba walijibana ukutani. Mimi nilisimama mbele na kikombe kitupu mfukoni, nikitafuta neno la kusema, na kila neno nililolipata lilikuwa ni siri ya mgonjwa. Shangazi wa mtoto alisogea, akamfunua uso. Mtoto alikuwa anapiga miayo.

Mzee Ntandu alipiga funda la maji ya asali. Akainama.

Nilifungua kinywa. Sijui ningesema nini, maana kabla sijatoa sauti mzee alisita, mashavu yamejaa maji, uso kwa uso na mjukuu wake. Kifua chake kilipanda na kushuka. Tulimwona akipigana na kikohozi. Kisha akageuza shingo, akayatema maji yote sakafuni.

Ukumbi uliguna. Kutema baraka chini ni laana, hata watoto wanalijua hilo. Shangazi alirudi nyuma na mtoto.

"Nyamizi," alisema mzee. "Lete kikombe chako."

Nilikipeleka.

"Wakwe zangu, geukeni."

Wake wa wanawe waligeuka ukutani, na wanawake wengi pamoja nao. Eliwaza hakugeuka. Mzee alijitenga na watu, akajiinamia chini ya tundu la hewa inayotoka, akavuta pumzi kama nilivyomwelekeza, akaizuia, akavuta tena. Kisha akakohoa kutoka kule chini. Kilikuwa kikohozi cha kutisha, cha kitu kinachong'olewa, na hakikuisha upesi. Mtu mmoja nyuma yangu alitapika. Mzee alipomaliza alikuwa amepiga goti moja, machozi yakimtiririka, na alininyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Kilikuwa kizito, cha manjano na kijani, na uzi mwekundu wa damu ukipita katikati. Mashine ilikuja kuthibitisha baadaye kile ambacho kila mtu ukumbini alikwisha kukielewa.

Mwenyekiti Msengi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Jamani, tusiwe na pupa," alisema. "Mzee wetu atatibiwa hapa hapa. Dawa zipo ghalani, tena nyingi. Akae peke yake, madirisha ya hewa yafunguliwe, ameze vidonge kila siku, na baada ya muda si mrefu hataambukiza mtu. Mtoto na waliokaa naye wapimwe, wapewe dawa za kinga. Huu si ugonjwa wa kumtupa mtu. Unapona."

Yalikuwa maneno yangu. Yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wangu. Nilikuwa nimemwambia hivyo katika ofisi yake kwa ajili ya kila mtu aliyepandishwa, naye kila mara alinijibu kwamba hanielewi.

"Na kanuni?" niliuliza.

"Dada Nyamizi, kanuni imewekwa kwa ajili ya watu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine walipiga makofi.

"Na mkwe wangu?" aliuliza mzee, bado yuko chini.

"Huyo tutaliangalia suala lake, mzee."

"Liangalieni sasa."

Kamba iliinuliwa. Eliwaza alivuka ukumbi, na watu walimpisha, safari hii wakimtabasamia. Alimchukua mtoto kwa shangazi yake, akamfunika. Mzee Ntandu alijikokota nyuma hatua kadhaa ili asimkaribie.

"Jina litasubiri," alimwambia. "Nikipona."

Eliwaza alimwinamia kwa heshima, kama mkwe. Hakumshukuru mtu mwingine yeyote. Alimgeukia Mwenyekiti.

"Na Mwalimu Hango?" aliuliza.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

"Mwalimu Hango alikuwa na kivuli kama changu," alisema Eliwaza. "Dawa zilikuwa ghala lile lile. Nani anakwenda Juu kumtafuta?"

Mmoja mmoja watu walianza kuvuta kanga na kola za mashati, wakaziba pua, na macho yao yakaelekea kwenye mkono wangu, kwenye kikombe, kana kwamba hapo ndipo uvundo ulipokuwa unatokea. Nilikifunika kwa kifuniko chake nikakishika kwa viganja vyote viwili. Kilikuwa bado na joto. Katika ukumbi mzima ule, na watu wake wote wasafi, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikunichefua.